Baba Amelala

Hadi leo, basi kubwa likisimama karibu yangu na kutoa ule mlio wa upepo wa breki, huwa napunguza sauti. Wenzangu chuoni walinicheka sana. Mimi niliyebishana hata na wahadhiri, nanyamazishwa na breki! Wao sikuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikulia katika kijiji kidogo kando ya ziwa, upande wa Geita, ambako karibu kila mtu mzima alikuwa na kazi kwingine. Asubuhi basi la mgodi lilifunga breki kwa mlio huohuo, likashusha wanaume waliokesha kazini na kupakia wa zamu ya mchana, kisha akina mama wachuuzi wakapanda hiace za kwenda sokoni mjini. Jua likianza kuchoma walibaki watoto, bata, harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe, na waliolala. Tulikuwa Wasukuma, Wazinza, Wahaya, Waha na Wakerewe. Huyu akisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, yule aliitikia kwa lugha ya kwao. Sheria moja tu ilituunganisha: nyumba iliyotundikwa kitenge mlangoni ina mtu wa zamu ya usiku, amelala. Hapo mtoto hagongi, hapigi kelele, hata kikohozi anakimeza. Tulicheza rede kimyakimya. Aliyepigwa na mpira alipanua mdomo bila sauti, kama sangara aliyetolewa majini.

"Usingizi wa baba yako ndio ugali wako," mama alizoea kuniambia. Nilimuuliza, basi nikiwa na njaa nimwamshe au nimwache? Alichukua beseni lake akawahi hiace.

Kaka zangu walikuwa kwa bibi, huko Ushetu, kwa hiyo pale nyumbani mtoto nilikuwa peke yangu. Nikitoka shule nilikula kwa jirani yetu Mama Koku, Mhaya mwenye mkono mtamu wa ndizi, kisha nikarudi kukaa kizingitini kwetu, mgongo ukiegemea mlango, nikimngoja baba aamke.

Nilipokuwa darasa la tatu, jioni moja basi la mgodi lilikuja na likaondoka bila baba. Kesho yake vilevile. Bombani nikawasikia wanawake wakisema mgodi umepunguza watu. Waliponiona wakaanza kuzungumzia mvua. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, mama aliendelea kutundika kitenge. Baba alitoka nje giza likishaingia tu.

"Mama Koku," nikauliza siku moja, "baba haendi tena kazini. Sasa mbona analala?"

"Wewe Nyamizi, maswali yako yangekuwa samaki tungelisha Mwanza nzima. Kula ndizi."

Halafu huyohuyo akatoka nje kuwakemea watoto waliokuwa wakicheka karibu na kwetu. "Nyie! Hamjui Baba Nyamizi amelala?"

Alijua vizuri. Mume wake alipanda basi lilelile kila jioni, akipita kwenye kiti ambacho baba hakukikalia tena. Wote walijua.

Mchana mmoja nilishindwa kuvumilia. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Baba, umelala?"

"Nimelala."

"Mtu aliyelala hajibu."

"Basi sijajibu, ng'wanawane." Ndivyo alivyoniita, mwanangu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikakaa hapo hadi kivuli cha nyumba kikanifunika, nikitafuta swali jingine la kumwuliza. Sikulipata, na yeye hakuniita.

Sijui ingeendelea hivyo hadi lini. Jumamosi moja asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, Baba Koku alishuka kwenye basi na nguo zake za kazi, macho mekundu kwa kukesha. Badala ya kwenda kulala alipita kwao kuchukua majembe mawili, akaja moja kwa moja kwetu na kugonga. Hakugonga kwa adabu. Alipiga mlango kwa ngumi hadi bata wakatawanyika. Majirani wakachungulia. Mimi nilidhani atakamatwa.

"We Msukuma! Hata ng'ombe wenu wameshaamka. Fungua!"

Kisha sauti ya baba kutoka ndani: "Mhaya, umekosa mtu wa kumringishia Kiingereza leo?"

"Nina jembe hapa, halijui Kiingereza. Ardhi imelowa, lile shamba langu siliwezi peke yangu, na nina usingizi. Toka!"

Baba akatoka. Alikuwa na ndevu ambazo sikuwahi kuziona juani, akikunja macho kwa mwanga. Wanawake wakamsalimu kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kana kwamba anarudi safari. Alinigusa kichwa, akapokea jembe, wakaondoka wakitaniana.

Hakuna aliyekumbuka kuniita niende nao. Nikaingia ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limebanwa pande zote kama mama alivyoliacha. Nyuma ya mlango, karibu kabisa, palikuwa na kiti kilichoupa mlango mgongo.

Nilikirudisha kiti mezani nikaenda kucheza. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba mchana kutwa tulikuwa tumekaa mgongo kwa mgongo, ubao wa mlango katikati yetu, mimi nikingoja aamke na yeye akingoja aamshwe. Kijiji kizima kilimheshimu kwa kumnyamazia, na bado najiuliza kama heshima ile ilimsitiri au ilimzika. Huenda vyote viwili. Nilikuwa na ngumi zangu, ndogo, lakini kwa mlango ule zingetosha. Hakuna aliyeniambia kuwa naruhusiwa kugonga.