Boti ya Baba Akinyi na Majivu ya Mekoni

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile Jumapili niliyoiosha boti ya baba yake Akinyi kwa majivu. Cheka tu, nimezoea.

Nilikuwa kijana wa Gesima, kijiji cha milimani, mtu wa chai na ndizi, na maji niliyoyajua ni ya mtoni, yanayofika magotini. Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa, na wazazi wake walitoka upande wa Ziwa Viktoria, lakini baba yake alikuwa fundi wa umeme mjini Kisii. Nyuma ya nyumba yao aliweka boti ndogo ya alumini, na kila Desemba aliipakia kwenye pikapu akaenda nayo kwao kuvua samaki. Aliipenda kuliko redio yake, na redio yenyewe hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Nilikuwa nimetuma ujumbe kwamba wazee wetu wangependa kuja kuzungumza habari za Akinyi. Mzee hakukubali wala hakukataa. Jumapili hiyo akaniambia boti imefifia, niing'arishe, yeye anaenda mazishini na atarudi jioni. Nikajua huo ndio mtihani wangu.

Sasa, wewe unajua kwetu. Mgeni akiingia jikoni, macho yake yanatafuta sufuria kwanza. Mama yangu alizisugua kwa majivu na maganda makavu ya mgomba mpaka ungeweza kujitazama humo na kuchana nywele. Nikaiangalia ile boti, nikaona ni sufuria kubwa tu isiyo na kifuniko. Akinyi aliniuliza kama si afadhali nimngoje baba yake. Nikamwambia kazi ya kusugua nimezaliwa nayo.

Nikachota majivu mekoni, nikayakoroga na maji yakawa kama uji, nikaipaka boti yote, kisha nikaenda kunywa chai. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama alikuwa akisugua na kusuuza papo hapo. Mimi niliyaacha majivu juu ya alumini muda wa vikombe vitatu. Nilipoimwagia maji, boti ilikuwa na mabaka meusi kila mahali. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikaongeza mikwaruzo. Mwisho nikaipaka mafuta ya kupikia ili angalau ing'ae. Iling'aa kweli. Kisha mbwa wa jirani akaja, wenzake wakamfuata, wakaanza kuilamba kutoka mbele kwenda nyuma.

Mzee alirudi na suti yake ya mazishi, akasimama nyuma ya mbwa. Nilikuwa nimeandaa uongo kwamba ni jua kali lililoibadilisha rangi. Lakini nilipomwona anavua kofia polepole, nilimwonea huruma. Nikasema yote: majivu, chai, waya na mafuta. Aibu ilinishika hata masikio yakawaka.

"Boti yangu umeosha na majivu," Mzee akasema. "Sasa huyu msichana wangu, utamwosha na nini?"

"Nitakuuliza kwanza, Mzee."

Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa tai.

Jumapili sita nilirudi pale. Alinifundisha kuiosha kwa sabuni na maji safi, kujaribu dawa ya kung'arishia alumini kwanza kwenye kipande kidogo upande wa chini, kusugua kwa kitambaa laini kwa kufuata mwelekeo mmoja, halafu kupaka nta ya kuikinga. Ya sita, baka moja lilikuwa bado limebaki ubavuni, nami nikaliinamia. Akanishika mkono.

"Hiyo wacha," akasema. "Wazee wako wakikuja, nataka waone ni nani anaoa."

Kwa hiyo, mwanangu, usitie mkono kwenye kitu cha mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe, hata kama kwenu mna kinachofanana nacho. Jaribu kidogo, tena mahali pasipoonekana. Na ukiharibu, usipake mafuta juu ya kosa. Liseme siku hiyo hiyo, mbele ya mwenye mali. Ningemdanganya yule mzee, Akinyi huyu anayenisahihisha kutoka mlangoni leo angekuwa anamsahihisha mume mwingine, na mimi ningekuwa mtu mpweke mwenye sufuria safi sana.

Nenda, Mungu akupe mikono yenye subira, na wakwe wanaojua kucheka.