Maji Yenye Kukatala Sabuni

Nilipokuwa mtoto pale Musonoi, nilikuwa mvivu, na uvivu wangu karibu umfukuzishe nkambo wangu, yaani bibi yangu, nyumbani. Nasema wazi, sina haja ya kujipamba.

Kazi yangu ilikuwa kufua nepi za mdogo wangu Kabwe, aliyekuwa na miezi miwili. Maji mazuri yalikuwa kwenye pompi, bomba la mtaa, lakini foleni ya mabidoni, madumu ya kutekea, ilinimaliza. Kijito kilichotoka chini ya vilima vya mchanga wa mgodi kilikuwa karibu, maji maangavu, hakuna mtu. Nkambo, mama ya baba, alishatuonya: "Maji yenye kukatala sabuni iko na mwenyewe. Ukiiba yake, atakufwata mpaka mu nyumba."

Nikateka tu. Sabuni haikutoa povu hata kidogo, ikagandamana vipande vipande. Nikajiambia huyo mwenyewe, hata kama ni pepo, hawezi kuvumilia moto. Nikayachemsha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikafua, nikaanika. Siku nne mfululizo nilifanya vile.

Siku ya tano mapaja ya Kabwe yalikuwa yamechubuka, mekundu, yanatoa maji. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama akamgeukia Nkambo, aliyekuwa akimwogesha mtoto kila siku kwa majani yake ya dawa.

"Ni dawa yenu hii, mama. Kesho mutarudia ku mugini kwenu."

Mimi nilisimama mlangoni. Nilimwogopa mama, lakini nilimwogopa zaidi mwenyewe wa maji, maana sasa niliamini yumo ndani, amelala na mtoto kitandani.

Nkambo akaichukua bidoni yangu, akamimina maji kidogo kwenye sahani, akasugua kipande cha sabuni. Tulitazama wote watatu. Povu halikuja.

"We mutoto, uliteka wapi?"

"Ku pompi."

"Usiseme bongo! Maji ya pompi inajua sabuni."

Yo! Nikaangua kilio, nikasema yote, hata habari ya moto.

"Moto haimufukuze," alisema Nkambo. "Inafanya tu aume na nguvu."

Mama alinichapa, na nilistahili. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akapiga makofi taratibu kuomba msamaha. Nepi zikafuliwa upya kwa maji ya pompi, na ngozi ya Kabwe ikaanza kufunga.

Leo nakaa Kapata, nina watoto wangu. Nimesikia maneno ya asidi na madini, nayaamini. Nkambo hakuwa nayo maneno hayo. Alikuwa na kipande cha sabuni, na kilitosha. Nami kila nikiteka mahali papya najaribu kwanza kwenye sahani, na povu lisipokuja namwaga yote.

Huyo mwenyewe sijamwona hata siku moja. Ila kile kilichomuuma Kabwe hakikutufuata nyumbani kwa miguu yake. Nilikibeba kichwani, nikakichemsha, nikamvika mtoto.