Kunde Zilizofungwa Magome

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Enzi za Mdachi tulikaa upande wa Msalato. Shamba la kunde lilikuwa la mama, na kwetu mume hakanyagi shamba la kunde la mkewe bila kutumwa. Yeye ana ng'ombe wake. Mwaka mmoja kutu ikaingia kwenye kunde za kijiji kizima. Ukipitisha kidole chini ya jani kinatoka na vumbi jekundu, kisha jani linanyauka na maua yanapukutika. Wanawake walilia, kwa sababu kiangazi chote ugali wetu uliteremka kwa majani yale yaliyokaushwa.

Mama aliinamia shina moja baada ya jingine, akakuta machache yamesimama mabichi katikati ya wagonjwa. Mbegu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, ngumu kuiva. Msimu uliofuata akapanda hizo tu. Kutu ikarudi, ikaua nyingine, nyingine ikazipita kama haikuziona. Nilipomuuliza sababu, alisema kuna watu ndui inapita nyumbani kwao na haiwagusi, wao na watoto wao. Kunde nazo zina koo zake. Akachana magome ya mti, akafunga kila shina lililo safi ili mtu asilichume. Mbegu ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeposwa, na binti wa kwetu huenda kwa mume na mbegu ya mamaye.

Maganda yalikuwa yameanza kukauka askari wa boma la Mdachi walipokuja kudai chakula. Mimi na mama tulikuwa mtoni tukifukua mchanga kutafuta maji. Nyumbani alikuwa baba, na nyuma ya baba alikuwa askari mwenye kiboko. Basi akaingia shambani ambako hajawahi kutumwa.

Aliona magome. Kwetu kibuyu cha pombe kikifungwa gome, ujue kimewekewa mgeni wa heshima, wala mwenye nyumba hakigusi. Baba alitazama zile kunde zenye afya, zimefungwa vizuri, akaona mkewe ana akili, amemtayarishia mkubwa wa boma mapema. Akang'oa zote na mizizi yake. Zile zenye kutu akatuachia sisi. Askari alimsifu. Maganda yalikwenda chunguni, majani wakala punda.

Tuliporudi alitupokea akitabasamu. Mama alisimama na mtungi kichwani, akatazama shamba.

"Baba watoto, zile ulizing'oa kwa nini?"

"Zilikuwa zimefungwa. Nilijua umemwekea mgeni."

"Nilimwekea huyu," mama akasema, akanigusa bega.

Nilitaka baba apige kelele, aseme kiboko kilikuwa mgongoni mwake, aseme lolote. Alikwenda kuwatazama ng'ombe, wachache aliobakiziwa na askari.

Mvua zilipokaribia, boma likagawa mbegu zake: kunde nyeupe, nono, za kupendeza macho. Ziliota kwa fujo, zikachanua, kutu ikazila zikiwa zimesimama. Akida wa boma akaja akasema Wagogo ni wavivu, hata mbegu nzuri zinawashinda. Waliochapwa ni wanaume, baba akiwemo. Nilimsikia akipigwa na sikumwonea huruma. Nasema kweli, sikumwonea.

Niliolewa mwaka huohuo wa njaa. Asubuhi ya kuondoka, mama alinifungia kibunda kidogo cha kunde nyeupe za boma zilizosalia, kwa kuwa bibi harusi haendi mikono mitupu na wakwe wanatazama. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mama akanisogeza pembeni, akanishika mkono uliobeba kibunda.

"Usizipande," akaniambia. "Ukifika, zipike."