Mama Hajapanda Ngomeni

Baba yangu, wageni walimwita Bwana Ngazi. Kwa miaka thelathini aliwapandisha watalii ngazi mia nne na kumi za mawe hadi kwenye ngome ya kale iliyo juu ya mji wetu, na alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliwaonyesha kengele iliyopasuka, visima vya askari, kisha akawafikisha kwenye ukuta ambapo mji mzima na mabonde yake huonekana. Watu wazima walishuka wakijifuta machozi.

Mama alikaa chini, kwenye ngazi ya kwanza, akilinda mizigo yao. Ndivyo walivyofanya kazi: mgeni anamwachia Mama begi, anapanda na Baba mikono mitupu. Kwa hiyo Mama hakuwahi kufika juu. Mabegi hayajilindi.

"Msimu ukiisha nakupeleka, mke wangu," Baba alisema kila mwaka. Msimu ukiisha, mvua zinaanza na mawe yanateleza. Akapiga kalenda hivyo hivyo miaka yote. Nami nikiri hapa, mimi binti yao wa pekee: nilikuwa na mikono miwili ya kushika yale mabegi japo siku moja. Sikuyashika.

Kisha presha ya macho ikamwanza Mama. Daktari akasema ana miezi michache tu ya kuona. Nikamwambia Baba, "Mpeleke kesho."

"Kesho nina kundi la watu arobaini. Jumapili, mwanangu."

Jumapili ikaja na kundi lingine. Hasira ile ninayo mpaka leo, ingawa najua wageni haohao ndio walionilisha na kunisomesha.

Siku Baba alipokataa kundi kwa mara ya kwanza maishani, Mama alikuwa haoni ila mwanga. "Twende hivyo hivyo," akasema, akavaa gauni lake zuri. Alishika bega la Baba, mimi nikiwa nyuma yake, akapanda akihema na kututania. "Kumbe huku ndiko ulikokuwa unanikimbilia!"

Tulipofika juu, Baba alimwegemeza ukutani, akakohoa kidogo. "Upande wenu wa kulia, waheshimiwa..."

"Hayo nimeyasikia," Mama akamkatiza. "Si ulikuwa unayafanyia mazoezi chumbani? Niambie wewe unaona nini."

Baba akatazama. Anga lilikuwa safi. Niliona mto ukimetameta bondeni, niliona paa letu, hata shuka nilizozianika asubuhi. 

"Kuna ukungu," Baba akasema. "Ukungu mtupu, mke wangu. Hakuonekani kitu."

Mama akanyoosha mkono, akampapasa usoni, akakuta pamelowa.

"Basi sijakosa kitu," akasema, akawa anamfuta machozi kwa kiganja chake.