Usinimalizie Neno

Shuleni kwetu hakuna mtu mzima anayemaliza neno lake mwenyewe. Mwalimu mkuu akisimama mbele yetu asubuhi: "Leo kila mtu achomekee sha—?" Na sisi sote: "—ti!" Kasisi akija ni vile vile. Hata mheshimiwa aliyekuja kuzindua choo kipya alituambia, "Nitawaletea ma—?" tukamjibu "—ji!" kwa nguvu zote. Maji hayajafika mpaka leo, lakini neno tulilimaliza.

Mimi nilikuwa bingwa wa kumalizia. Sauti yangu ilitoka kabla ya wote. Siku moja nilimmalizia kasisi jina la nabii ambalo, ukiangalia uso wake, yeye mwenyewe alikuwa amelisahau.

Tangu kidato cha kwanza nimekaa dawati moja na msichana mwenye kigugumizi. Si kile kidogo cha kusitasita. Ni kile cha kusimamisha kazi. Neno linakwama, macho yanafumba, kidevu kinapanda, na watu wote wanangoja kama stima imepotea. Yaani wengine walingoja. Mimi nilimmalizia. Akisema "nipe k-k-k—" namwekea kalamu mkononi, hata kama alitaka kitabu, na yeye anaichukua hiyo kalamu. Kwenye dirisha la jikoni ugali ni lazima, lakini cha kushushia unachagua: mboga, yaani kabeji, au maharagwe. Yeye akianza "m-m-m—" na foleni nyuma inapiga kelele, mimi napaza sauti, "Mboga!" Mpishi anamwagia kabeji, tunasonga mbele. Nilijiona mtu wa huduma. Kama kungekuwa na cheti ningeenda kukichukua.

Halafu tukafika kidato cha tatu, na mashindano ya sayansi yakaja.

Wazo lilikuwa lake. Nyanya yake, ambaye wao humwita kogo, ana shamba dogo la chai. Siku moja lori la kiwanda lilichelewa, majani yake yakapata moto ndani ya gunia, yakawa mekundu, na karani wa mizani akayakataa. Kogo aliyamwaga kwenye nyasi mbele ya watu, akakunja gunia, akaenda nyumbani. Mwenzangu alikuwepo. Tangu siku hiyo akaanza kupima joto la majani na kipimajoto cha maabara, akaunda fremu ya vijiti ya kuning'iniza gunia hewa ipite. Kazi yangu ilikuwa kubeba fremu na kulalamika.

Mwalimu wa kemia alituita. "Wewe una akili," akamwambia. "Huyu ana mdomo. Kule Kericho kwenye mashindano ni dakika kumi, halafu kengele. Aongee huyu."

Nikanyoosha kola yangu.

"N-n-n—" akaanza mwenzangu.

"Nimekubali!" nikammalizia.

Akanikanyaga kiatu mpaka nikaona nyota. "N-nitaongea mimi."

Mwalimu akajikuna kichwa. Si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa ile kengele kuliko sisi. "Basi Jumamosi twende kituo cha kupimia majani ya chai," akasema. "Wakulima wakikuelewa, Kericho ni yako. Wasipokuelewa, huyu anaongea na wewe unashika kipimajoto."

Tulipotoka nje akanigeukia. "Usinimalizie," akasema. Neno refu hivyo, na lilitoka mara moja. "Miaka hii yote n-nimekula kabeji. Nilikuwa nataka maharagwe."

"Si ungesema?"

Nimewahi kuuliza maswali mengi ya kijinga, waulize walimu wangu, lakini hilo ndilo linashika namba moja.  Aliniangalia tu mpaka masikio yangu yakawaka.

Jumamosi alinipa hindi la kuchemsha, bado lina moto.

"La nini?"

"La m-mdomo wako. Nikikwama, uma."

Kituoni wakulima walikuwa wamekalia magunia wakingoja lori, na kogo wake mbele kabisa na kitambaa kichwani. Karani alikuwa ameegemea mizani. Mwalimu alisimama kando, saa mkononi. Mwenzangu akasimama karibu na fremu, akasalimia vizuri, wakaitikia vizuri. Nikaanza kupumua.

"Majani ya chai," akasema, "yakishi-shi-shi—"

Sasa hapo ndipo balaa. Hawa watu wote wamelelewa na walimu wakuu, makasisi na waheshimiwa kama wetu. Wakadhani wanaulizwa.

"—ba!" wakajibu kwa pamoja. Yakishiba.

Akatikisa kichwa. "Yakishi-shi—"

"—nda juani!" akapiga kelele mama mmoja.

"—kwa!" akasema mzee wa kofia. "Yakishikwa na mikono michafu! Nimepata?"

"Wewe mzee keti, si ya mikono."

"Madam, tupe nyingine!"

Ikawa kama chemsha bongo ya redio. Karani anacheka, watoto wanaruka. Mwalimu akaniangalia mimi, na ule mtazamo niliujua: jiandae. Na mimi neno nilikuwa nalo, limekaa kwenye ncha ya ulimi, yakishindiliwa, tamu na rahisi. Ningelisema yote yangeisha. Na Kericho ingekuwa yangu. Niliuma lile hindi kwa hasira mpaka nikameza na nyuzi.

Mwenzangu akanyoosha mkono juu kama polisi wa barabarani. Wakanyamaza.

"Si swali," akasema. "Nina k-k-k—" Mtu mmoja akafungua mdomo, mkono ukamgeukia, akaufunga. "—kigugumizi. Neno langu n-ninalo. Liko njiani. Nyinyi si mnangoja lori hapa kila siku? Basi n-ningojeni hivyo."

Kogo akacheka, meno yote nje, na kituo kizima kikacheka naye. Na kusema kweli, kama kuna watu wanaojua kungoja, ni hao. Wakakaa sawasawa kwenye magunia yao. Wakangoja.

"Majani yakishi-shi-shi…"

Mzee wa kofia akaanza, "Yaki—"

"Lori bado!" kogo akamkata.

"…yakishindiliwa," akasema mwenzangu, "yanapata moto."

Nikaona mwanaume mmoja aliyekuwa anakanyaga gunia lake majani yaenee akiondoa mguu taratibu, kama mtu aliyekanyaga mtoto. Baada ya hapo ilikuwa raha. Alikwama mara nyingi, sitadanganya. Kila akikwama mtu ananong'ona "lori bado" na wanatulia. Akawaita watie mkono kwenye gunia lililoshindiliwa, kisha kwenye lile la fremu. Mzee wa kofia alitia mkono mara tatu, akauliza fremu inatengenezwa na vijiti vya mti gani. Mwenzangu alimjibu mpaka mwisho, na mzee hakuingiza hata herufi moja.

Nimechekesha watu tangu darasa la kwanza. Sijawahi kunyamazisha watu hivyo, tena wakafurahi.

"Kericho utaongea wewe," mwalimu akasema. "Huyu atabeba fremu."

Kule Kericho alianza kwa kuwaambia waamuzi wangoje. Kengele ilimkuta sentensi mbili kabla ya mwisho. Mwamuzi wa katikati akasema kwa upole, "Asante, tumeelewa."

"B-b-bado," akasema, na akazimaliza zote mbili, amesimama wima, waamuzi wameshika kalamu hewani. Walimkata alama za muda. Tukawa wa tatu. Nilibeba fremu mpaka kwenye gari la shule bila kulalamika, na mwalimu akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu, dirishani. Foleni ndefu, njaa, kelele. Yeye mbele, mimi nyuma yake.

"M-m-m—"

"Songa bana!" wakasema huko nyuma.

"Lori bado!" nikawageukia. Nikauma ulimi, hindi sikuwa nalo.

"M-m-maharagwe," akasema.

Mpishi akachungulia kwenye sufuria. "Yameisha."

Akageuka kuniangalia. Tukacheka mpaka sahani yake ikaanguka. Kisha akarudi dirishani, kwa sababu alikuwa na la kumwambia mpishi, na lilikuwa refu, na foleni yote ikabidi ingoje.