Mipira Mitatu Niliyomrushia Deo

Nakumbuka Jumamosi moja, mjukuu wangu, enzi zile nilipokuwa mrushaji wa besiboli hapa Bujumbura na mkono wangu ukiogopwa. Usicheke. Hiki kitambi kilikuja baadaye. Wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique walikuwa na timu yao na walitulipa, na siku hiyo tulicheza na vijana wa mtaa wa Musaga.

Mchezo si mgumu kuuelewa. Mimi narusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Akikosa mara tatu, anatoka. Mpira mzuri ukikupita bila kuujaribu, nao unahesabiwa umeukosa. Siku hiyo walikosa wote. Walikuja wakitamba, wakarudi wameinamisha vichwa. Mpaka mwishoni hakuna aliyekuwa ameugusa mpira wangu hata kwa bahati.

Akabaki mpigaji mmoja, Deo.

Deo alikuwa kaka mkubwa wa Goreti, msichana niliyempenda mpaka nikakosa hamu ya kula. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Deo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani kwao. Na kesho yake wazee wetu walikuwa wanakwenda kuposa! Nitamwaibishaje shemeji yangu mbele ya watu, halafu kesho niketi sebuleni kwake?

Nikarusha mpira mlaini, wa katikati kabisa, ili aupige. Hakutikisa gongo.

"We, rusha kama ulivyorushia wenzangu," akaniambia.

Nilimsikia vizuri sana. Nikarusha mwingine vilevile, ukapita. Wa tatu nao nikautoa kama ninamchezesha mtoto, na huo pia akauacha upite. Deo akalaza gongo chini, akaondoka bila kuniangalia. Wenzangu wakanibeba juujuu kwa ushindi, na mimi huko juu nilikuwa naona aibu tupu.

Jumapili tukaenda Musaga. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu, maana kwa desturi zetu anayeposa hukaa kimya, anasemewa. Mjomba alisema maneno matamu kweli. Deo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mujomba amesema vizuri. Lakini mi nataka huyu ajibu yeye mwenyewe. Jana ulimaliza wenzangu bote. Juu ya nini mi ulinirushia mipira ya mutoto?"

Mjomba akanikanyaga mguu ninyamaze. Nikajibu, "Ilikuwa respect, Deo."

"Apana. Siku dada yangu atakukosea, utamwambia, ao utanyamaza useme ni respect?"

Nilijua Goreti yuko nyuma ya pazia na anasikia kila neno. Nikaona uongo mwingine mzuri uko tayari mdomoni, mwanangu, na nikaona pia kwamba nikiutoa nimempoteza.

"Nilikuogopa," nikasema. "Niliogopa utaninyima Goreti."

Deo akavuta kiti karibu na chake.

"Kuja ukae hapa," akasema. "Sasa naweza kuzungumuza na we."

Ndivyo nilivyompata bibi yako.

Basi nisikilize. Mtu unayemwogopa usimlegezee kazi yako ukaita hiyo heshima. Ukimficha ukweli ili akupende, umemfanya mtoto, na mtu mzima hasahau aliyemfanya mtoto. Mpe nguvu zako zote, umsalimie kwa mikono miwili, umwache aamue. Na ukishindwa kwa woga, sema ulikuwa woga, mapema, kabla hujaulizwa mara ya pili.

Mungu akujalie kazi ya mikono yako, akupe ulimi usiojificha, na siku ukienda kuposa akukutanishe na shemeji mkali kama Deo.