Tai Aliyetiwa Hina

Mwezi uliopita nilipita Lindi, maana miguu yangu haijui kukaa, na katika duka moja la vitu vikuukuu nikaona sinia limejaa alama za askari wa zamani: za kofia, za kola, na vifungo vyenye taji. Mwenye duka aliniambia siku hizi Wazungu wanazikusanya. Nikacheka. Kazi hiyo, msomaji wangu, sisi watoto wa Kilwa Kivinje tuliianza zamani za Mdachi, hata meno ya mbele hayajaota vizuri.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha punde. Watoto walioshuka na wazazi wao kutoka vilima vya Umatumbi kwa ajili ya njaa walikuja na vitu walivyookota njiani walikopita askari. Kifungo tulikibadilisha kwa muhogo wa kuchoma, alama ya kola kwa nazi nzima. Mimi nilikuwa na alama saba, nimezipanga ndani ya kifuu chini ya banda la kuku. Bibi hakutaka ziingie ndani. Ndugu yake wa tumbo moja aliuawa na askari huko Umatumbi.

Nilichokosa ni tai, yule wa shaba anayekaa mbele ya kofia.

Jirani yetu alikuwa shaushi, yaani sajini, wa polisi wa Mdachi, mtu mkubwa mwenye kicheko cha kusikika hadi sokoni. Kila asubuhi alimwamkia bibi, "Shikamoo, mama," na kila asubuhi bibi aliswaga kuku kana kwamba hakusikia kitu.

Kila gwaride lilipokaribia, mke wa shaushi alinipa tai wa kofia ya mumewe nimsugue kwa ukwaju, nimsuuze, kisha nimfute kwa jivu. "Ukwaju wa kupaka, si wa kulowekea," alinionya, na kitumbua changu kikisubiri. Jioni moja nikaamua tai alale kwangu. Nilitaka kumwona akiwa pamoja na zile saba, japo mara moja. Nikamtumbukiza kwenye bakuli la ukwaju, ili nikiulizwa niseme kazi haijaisha.

Asubuhi nikamtoa mwekundu. Shaba ikilala ndani ya ukwaju hugeuka rangi; nilikuwa nimeambiwa.

Shaushi alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Akamgeuza tai huku na huku. "Wee! Umemtia hina? Anaolewa na nani?"

Mkewe akaangua kicheko ng'ambo ya ua. Kisha shaushi akatazama upande wa boma, na uso wake ukabadilika. Bwana wa boma alikagua kofia moja moja, na mwenye kosa alilazwa chini mbele ya watu, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Shaushi aliwahi kuwashikia wengine miguu.

"Mama," akamwambia bibi kwa sauti ndogo, "kama unajua dawa, nisaidie."

Bibi akanyoosha mkono. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akachukua mchanga laini wa pwani na kipande cha kumbi la nazi, akasugua mpaka jasho likamtiririka shingoni. Wekundu ukatoka. Mdomo wa tai ukatoka pia, na jicho.

"Alikuwa mkali mno," bibi akasema. "Apungue."

Tarumbeta ikalia bomani. Shaushi akambandika tai kofiani, akasimama wima mlangoni petu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akajibu. "Ukirudi na mgongo mzima, niletee kuni."

Adhuhuri aliingia uani na mzigo wa kuni kichwani, akicheka.

Baadaye shaushi alikwenda kwenye vita vikubwa asirudi. Bibi tulimzika Kivinje, bendera ya boma ikabadilika, na zile saba zimenipotea katika safari zangu. Lakini pale Lindi, chini kabisa ya sinia, nilimkuta tai asiye na uso.

"Huyo amekwisha," mwenye duka akasema. "Chukua mwingine."

Nikamwambia namtaka huyo huyo. Siwezi kuapa kwamba ndiye. Ninamtembeza mfukoni, simsugui kwa kitu chochote. Nikimpapasa usoni kwa kidole gumba sikuti mdomo wala jicho. Nakuta mkono wa bibi tu.